Ombi la Ruhusa ya Kukimbia Bila Sababu

Kasongo, Jumatano

Kwa Mheshimiwa Shefu wa Kartye, Papa Raphaël, ambaye pia ni Baba Mkwe wangu
Nakala: Kamati ya Nusu-Marathoni ya Wazazi, na Mama Mkwe, kwa taarifa tu
Kuhusu: karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa ofisi yako

Mheshimiwa Shefu, Baba yangu wa heshima,

Ninakuandikia kwanza kama raia, kisha kama muuguzi wa kituo cha afya, na mwisho kama mkwe wako, ingawa najua ukifika hapo pa mwisho utavua miwani. Nakusihi uivae tena, jambo ni zito. Anayeandika kwa mkono ni mjukuu wako Nadine, kwa sababu mwandiko wangu unasomwa na wauza dawa peke yao. Mimi nasema, yeye anaandika, na pale asipokubaliana nami anapumua kwa pua.

Amri yako ya Jumapili inasema: "Ni marufuku kwa mtu yeyote kukimbia katika kartye hii bila sababu inayojulikana na ofisi." Haitaji jina la mtu, na kwa hilo nashukuru. Lakini Baba, katika kartye nzima, mtaa kwa mtaa, hakuna mwingine anayekimbia bila sababu isipokuwa mimi. Hata mbuzi wakikimbia wana sababu. Watu wakimaliza kusoma karatasi ile wanageuka kuniangalia, na juzi mzee mmoja alinishika mkono akanipa pole kana kwamba nimefiwa.

Sasa, Mbio za Wazazi ni Jumapili hii. Ni kilomita ishirini na moja, kutoka sokoni kufuata barabara ya Kabambare, kisha kurudi. Nimejiandikisha. Nimepewa namba thelathini na nane na nimeipigilia ukutani juu ya kitanda. Nimejizoeza wiki saba. Ukiniuliza mtu wa miaka arobaini na miwili, mwenye watoto watatu na tumbo linalotangulia kufika, anatafuta nini huko, nitakujibu wazi. Mambo ni mawili. La kwanza, mwenzangu Cécilia alinipima presha ya damu kazini kwa mchezo tu, akacheka, halafu akaacha kucheka, akapima tena. Mimi ndiye kila asubuhi nawahubiria wagonjwa wafanye spoti. Wagonjwa walikuwa wananisikiliza kwa adabu huku wanaangalia vifungo vya shati langu.

La pili ni binti yako. Naomie anasema mimi ni mtu wa kuanza. Hasemi kwa ubaya, anasema kama mtu anayetaja kabila. Choo kina kuta nne na hakina paa, mwaka wa tatu huu. Shimo la kufugia samaki lina vyura, na vyura wenyewe wamekuja kwa hiari yao. Yeye yuko Salamabila miezi miwili sasa, anauza vitenge, na anarudi Jumamosi. Nilitaka akirudi akute jambo moja nililolianza lenye mwisho, jambo ambalo mtu anaweza kulisimamia kando ya barabara na kulipigia makofi. Jumamosi anarudi, Jumapili nakimbia. Halafu katikati umeniwekea karatasi.

Kwa hiyo naleta malalamiko yangu kwa mpangilio.

1. Kuhusu neno lenyewe. Ofisi imechanganya kukimbia na kufanya spoti. Nakubali kwamba sisi wa huku neno hilo tumelitumia vibaya mpaka limechakaa. Mtu akisema "mwaka ule tulikimbia", hakuna anayeuliza nani alishinda. Tunauliza mlilala wapi, mlikula nini, na nani hakurudi. Najua. Nami nilizaliwa Wamaza, na kabla sijajua kusoma nilikuwa nimekimbia mara mbili, mgongoni mwa mama. Lakini spoti haiwezi kufanyika kwa kutembea. Nimejaribu. Nimejaribu hata kuwatahadharisha watu kwa kupiga kelele "Spoti! Spoti!" wakati napita. Wa avenyu ya chini wakadhani hilo ni jina la kundi jipya la wenye silaha, wakafunga milango.

2. Kuhusu muda wa mzazi. Vijana wasio na watoto wanajizoeza kwa saa. Mimi najizoeza kwa maharage. Alfajiri nawasha makaa, naweka sufuria, halafu nakimbia kuzunguka nyumba mpaka maharage yaive, kwa sababu watoto wamelala ndani na siwezi kwenda mbali. Siku moja nilizunguka mara mia mbili na kumi na mbili. Kuku walihamia kwa jirani. Siku nyingine nakimbia kwenda chemchemi na bidoni tupu na kurudi nayo imejaa, na kurudi huko hakuitwi mbio kwa lugha yoyote. Jioni namsomea Célestin, ambaye ana miaka minne, nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja, ili kukaza paja. Ameanza kufikiri kwamba ndivyo watu wazima wanavyosoma. Nakuambia haya ujue kwamba kila kazi ya nyumba nimeigeuza kuwa mazoezi, na hapo ndipo shida ilipoingilia.

3. Kuhusu godoro. Alhamisi iliyopita mjukuu wako Célestin alikojoa kitandani. Si mara ya kwanza, na wala simlaumu, mama yake hayupo. Uani kwetu, kwa mvua hizi, godoro halikauki mpaka likaota uyoga. Lakini kule kijitoni kuna lile jiwe kubwa linalopata jua mapema. Nikajisemea: Salomon, una dakika arobaini za maharage, una godoro la kufua, una mazoezi ya siku. Nikajitwika kichwani, nikafunga viatu, nikatoka mbio.

Nakiri, Baba, kwamba sikujiona kwa nje. Mwanaume anakimbia alfajiri na godoro kichwani. Huku kwetu hiyo haihitaji maelezo. Wa kwanza kuniona alikuwa Moustapha wa pikipiki, aliyekuwa amechuchumaa anakaza mnyororo. Aliniangalia, akaangalia godoro, akawasha pikipiki akaondoka, na spana zake zikabaki chini. Kisha mlango mmoja, kisha kumi. Kisha Gérard, mpiga mbiu wa ofisi yako, ambaye siku zote ukimtafuta kutangaza chanjo megafoni yake haina betri, alitoka nayo ikiwa na betri nzima akaanza kutangaza kwamba wamefika. Wamefika akina nani, hakusema, na hakuna aliyemuuliza. Nilipofika kijitoni, kartye yote ilikuwa barabarani na sufuria, na cherehani, na bibi mmoja juu ya toroli.

Malalamiko yangu hapa ni haya: hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Mtu mzima, baba wa watu, muuguzi aliyewachoma sindano wote hawa, anapita na godoro, na hakuna wa kusema hata "Dokta, kuna nini?" Ningejibu kwamba ni mkojo, na sote tungerudi kula.

4. Kuhusu wewe mwenyewe, Baba. Naandika haya kwa unyenyekevu. Kwenye kona ya tanuru za matofali ulinipita. Ulikuwa umejifunga taulo na umekumbatia muhuri wa kartye kwa mikono miwili. Sasa mila inajulikana: mkwe hawezi kumtazama baba mkwe wake katika taulo, na baba mkwe hawezi kumtazama mkwe wake katika kaputula fupi ya spoti. Kwa hiyo mimi niligeuza uso kushoto, wewe ukageuza kulia, na tukakimbia hivyo bega kwa bega kama hatua mia mbili, mpaka mimi nikagonga mgomba na wewe ukaendelea. Una miaka sitini na minane. Sikukuona tena. Silalamikii mwendo wako, ninaulalamikia mguu uleule siku tatu baadaye kwenda ofisini kutunga amri dhidi ya mbio. Na kama mzazi wa watoto tisa una haki ya kujiandikisha. Ningekushauri tu uje bila muhuri, utapunguza uzito.

5. Kuhusu jirani yangu Mama Dieudonnée, muuza majani ya sombe. Huyu aliingia nyumbani kwangu bila kubisha hodi. Akawachukua watoto wangu watatu kutoka usingizini, bila ruhusa ya baba yao, bila kuacha hata ujumbe. Alimfunga Célestin mgongoni kwa kitenge, akamshika Chimène mkono, na akamwamuru Nadine abebe sufuria. Ni sufuria yangu ya maharage, Baba, nami nilikuwa nimeyahesabia muda. Akawavusha mpaka shamba lake la mihogo akawaficha humo mpaka adhuhuri, akawalisha karanga mbichi, ambazo kama muuguzi siziruhusu. Nilikwenda kuwachukua. Aliniangalia tu, kuanzia viatu kwenda juu. Naomba mtazamo ule uandikwe katika kumbukumbu za ofisi, na yeye apewe barua ya onyo.

(Hapa Nadine amepumua kwa pua mpaka karatasi ikasogea. Nimemwambia aandike hilo pia.)

6. Kuhusu mimi. Wakati kartye nzima ilikuwa inakimbia ovyo, bila namba na bila kunyoosha misuli, mimi niliendelea na mazoezi yangu kwa nidhamu. Nilifuata barabara ya Kabambare umbali mzuri, godoro kichwani, jambo ambalo wataalamu wanasema linajenga shingo. Asubuhi ile, Mheshimiwa, nilikuwa mtu pekee katika Kasongo aliyekuwa anafanya spoti. Na mimi ndiye ninayekatazwa.

Baada ya malalamiko hayo, naomba yafuatayo.

Kwanza, amri iondolewe, au iongezwe maneno "isipokuwa Salomon".

Pili, kama haiwezekani, nipewe hati yenye muhuri, ule ule uliookoka, inayosema kwamba mwenye hati hii anakimbia bila sababu na kwamba ofisi inajua kwamba hana sababu. Nitaivaa kifuani.

Tatu, Gérard anitangulie kwa baiskeli kila asubuhi akitangaza kwamba anayekuja nyuma hafukuzwi na kitu. Atangaze polepole. Akiharakisha hakuna atakayemwamini.

Nne, fikiria Jumapili yenyewe. Wazazi sitini watapita katikati ya kartye yako kwa mkupuo mmoja, wanahema, macho yamewatoka, na wote wana namba kifuani kama waliokwisha kuandikishwa mahali. Ikiwa mimi peke yangu niliwatoa watu wote, hao sitini watatufikisha wapi? Nashauri wakazi wahamishwe Jumamosi, kwa utulivu, kwa kutembea, pamoja na magodoro yao, ili Jumapili asibaki mtu wa kukimbia.

Na tano, ikiwa kuwahamisha ni kazi kubwa, basi kartye nzima iandikishwe katika mbio, wachanga kwa wazee. Hapo mtu akiona watu wanakimbia naye akakimbia, atakuwa anatimiza wajibu. Nina hakika tutachukua nafasi zote kumi za kwanza. Mimi nitakuwa wa mwisho, lakini nitakuwa nimemaliza.

Nina imani na hekima yako, iliyonipa binti yako kwa masharti ambayo nimeyatimiza karibu yote. Unisalimie Mama Mkwe, bila kugusia habari ya kaputula. Wasalimie wazee wa baraza, msalimie yule bibi wa toroli na waliokuwa wanalisukuma. Moustapha aambiwe spana zake ziko kwangu, salama. Watoto wanakusalimu na wanauliza lini utakuja kula.

Mkwe wako mtiifu, mwenye magoti yanayolia,

Salomon Lukali
Muuguzi, namba 38

Nyongeza: Sehemu hii nimeiandika kwa mkono wangu, macho yako yanisamehe. Barua ilikuwa imekwisha, na Nadine alikuwa anaisoma tena kutafuta makosa. Alipofika namba sita akaweka kalamu juu ya meza. Ana miaka kumi na mmoja na haulizi ovyo. Aliniuliza: "Papa, siku ile ulikuwa unafanya spoti ao ulikuwa unakimbia?"

Baba, nilikuwa ninakimbia.

Mpaka kijitoni ilikuwa spoti, naweza kuapa. Lakini nilipogeuka nikaona kartye yote inakuja nyuma yangu, na Gérard analia katika megafoni, sikukumbuka hata kidogo kwamba mwanzo wa yote ni mimi. Nilisema tu moyoni: kumbe ni kweli. Nami sikumuuliza mtu. Niliongeza mwendo. Nilikuwa nawakimbia watu waliokuwa wanakimbia kwa sababu yangu, na ndiyo maana nilikugonga bega kabla ya kugonga mgomba, si kwa sababu ya mila.

Nilikwenda hivyo kilomita kumi na kidogo, mpaka kijiji cha pili baada ya daraja la magogo. Pale kulikuwa na bibi anamenya mihogo mlangoni, hana habari na lolote. Aliniangalia kichwani, akasema taratibu: "Godoro tunaliona. Wenye kulilalia wako wapi?"

Sikuwa nimewakumbuka. Naliandika neno hili kama lilivyo, kwa sababu nimelizunguka kurasa nne. Watoto wangu walikuwa wamelala, mlango haukufungwa, moto ulikuwa unawaka chini ya sufuria, na mimi nimekwenda kilomita kumi kuokoa godoro lenye mkojo. Nililitupa mbele ya yule bibi nikarudi. Kurudi huko sikuhesabu pumzi wala hatua. Nilipoingia kartye nyumba zilikuwa wazi na tupu, nami nikapita mlango kwa mlango naita Nadine, Chimène, Célestin, mpaka sauti ikakatika. Niliwakuta adhuhuri katika mihogo ya Mama Dieudonnée. Célestin alikuwa anakula karanga. Nadine amejumlisha kwenda na kurudi, anasema ni ishirini na moja na kitu. Basi nimemaliza, na sitaki makofi.

Mchana huu nilikwenda kwa Mama Dieudonnée. Nilijifanya mtu wa utani, nikamwambia siku ile alikimbia vizuri kuliko sisi wenye namba, na ana miguu mibovu, mimi ndiye ninayempa dawa zake. Aliendelea kuchambua sombe. Akasema: "Mimi sikukimbia, Dokta. Nilikimbiza watoto."

Kwa hiyo naondoa malalamiko yote sita na maombi yote matano. Barua ya onyo ikiwa imekwisha kuandikwa, badilisha jina tu. Amri yako iache mlangoni, imeandikwa vizuri kuliko nilivyodhani, maana siku ile kweli sikuwa na sababu. Kuhusu Jumapili sijui bado.

Linabaki ombi moja, na hili nakuomba kama mtoto wako. Naomie atashuka kwenye pikipiki Jumamosi, na atapita kwako kwanza kukusalimu. Usimwambie, Baba. Nitamwambia mimi, na watoto watakuwa wamekaa hapo hapo wanasikia. Wao wanajua tangu siku ile, na hakuna hata mmoja aliyeniambia neno.